Nyumba ya Kuku Iliyo Ndogo na Namna ya Kuipanua

Maandiko ya kusoma mbele ya somo: Mwanzo 6:14-16, Mezali 12:10, Luka 14:28-30.

Neno la kukumbuka: Kuku walale katika nyumba yao, watu walale katika nyumba yao, na yai liingie katika sahani ya mtoto.

Wapendwa katika Bwana, labda mtu atauliza: Sababu gani hospitali ya misioni inafundisha watu juu ya kuku? Je, kazi ya hospitali si kutoa dawa? Ndiyo, kutoa dawa ni kazi yetu. Lakini dawa inafuata ugonjwa nyuma, wakati ugonjwa umekwisha kuingia mwilini. Mafundisho yanatangulia mbele. Watoto wengi wanaoletwa kwetu na kuhara, au na miguu iliyovimba, ugonjwa wao ulianza nyumbani. Na katika nyumba nyingine ulianza mahali ambapo hakuna mtu aliyepafikiri: chini ya kitanda, pale kuku wanapolala usiku.

Tusiseme kwamba kuku ni wabaya. Kuku ni baraka. Mayai na nyama yao ni chakula cha kujenga mwili, na kuku mmoja akiuzwa anaweza kulipa karatasi za masomo au sabuni na chumvi. Shida si kuku. Shida ni nyumba yao.

1. SHIDA INAANZA NAMNA GANI

Katika miji na senta zetu mafundi wa mbao wanauza vibanda vya kuku vilivyotengenezwa tayari. Kibanda cha namna hii ni kama sanduku. Kina miguu 4, kuta za mbao, bati moja juu, na mlango mdogo upande wa mbele. Mtu anakinunua, anakifunga juu ya chukudu, na jioni ile ile kuku wanalala ndani. Ni kitu kizuri kwa mtu anayeanza na kuku 2 au 3.

Lakini tufikiri juu ya jamaa moja. Baba ni mlimaji, mama anauza mboga sokoni, nao wana watoto 4. Mtoto mdogo ana miezi 10, anatambaa. Baba alinunua kibanda, na muuzaji alimwambia: «Hiki kinatosha kuku 12.» Mwanzo kulikuwa na kuku 3, na mambo yalikwenda vizuri. Wakaatamia, wakatotoa, wakaongezeka. Sasa ni kuku mitetea 11 na jogoo 1, jumla kuku 12, sawasawa na neno la muuzaji.

Je, kuku 12 wanaingia katika kibanda kile? Ndiyo, wanaingia, kama vile watu 12 wanavyoweza kuingia katika choo wakati wa mvua. Lakini kuingia si kukaa. Kila jioni kuku wenye nguvu wanaingia kwanza na kuwapiga wengine kwa mdomo. Wadhaifu wanabaki inje. Mama anaogopa wasiliwe na kimburu, basi anawafungulia mlango wa jiko. Jiko likijaa, wengine wanaingia chumbani chini ya kitanda. Asubuhi mama anafagia mavi ya kuku, lakini mengine yanabaki katika udongo wa sakafu. Na juu ya sakafu ile mtoto wa miezi 10 anatambaa, anaokota vitu, anatia vidole kinywani.

Ona, wapendwa: kibanda kilikuwa kidogo kwa kuku, na anayelipa ni mtoto.

2. MADHARA KWA KUKU WENYEWE

Kuku hana jasho. Akisikia joto anafungua kinywa na kupumua mbio. Wakibanana usiku, hewa inakuwa nzito na ya unyevu. Tena mavi mabichi yanatoa harufu kali inayochoma macho na pua. Kuku anayepumua harufu hiyo kila usiku anapata mafua, anakoroma, na kutaga kwake kunapungua.

Mavi yakilowana, vifaranga wanaharisha damu. Ugonjwa huu unatoka kwa vijidudu vinavyokaa katika mavi na kupata nguvu katika unyevu. Unaweza kuua vifaranga vyote vya mama mmoja katika siku chache.

Utitiri nao unapenda kibanda cha namna hii. Mchana unajificha katika nyufa za mbao, usiku unatoka kunyonya damu ya kuku. Ukiona upanga wa kuku umekuwa mweupe, na kuku anakataa kuingia kibandani jioni, tazama katika nyufa kwa taa.

Kuku waliobanana wanadonoana, wananyonyoana manyoya, na kuvunja mayai. Wakionja yai mara moja, watayala kila siku.

Na kuna siafu. Sisi watu wa Kongo tunawajua. Siafu wakiingia usiku katika sanduku lililofungwa, kuku hawana mahali pa kukimbilia. Asubuhi unakuta mizoga tu.

3. MADHARA KWA WATU

Kuharisha damu kwa vifaranga ni ugonjwa wao wenyewe, hauwashiki watu. Lakini kuna vijidudu vingine vinavyokaa katika matumbo ya kuku bila kumdhuru kuku, na vikiingia katika tumbo la mtu vinaleta kuhara, homa, na maumivu ya tumbo. Viwili vinavyojulikana sana vinaitwa Salmonela na Kampilobakta. Mtu mzima anaweza kupona upesi. Mtoto mchanga anapoteza maji ya mwili, macho yanaingia ndani, naye anaweza kufa.

Waganga wameona jambo lingine tena. Mtoto anayekula uchafu wa mavi kila siku, kidogo kidogo, ngozi ya ndani ya matumbo yake inaharibika, hata kama haharishi. Chakula kinapita, lakini mwili haukipokei vizuri. Kwa hiyo mama anaweza kumpa mtoto uji kila siku, na mtoto hakui sawasawa na umri wake. Mama anasema: «Amerogwa.» Hapana, mama. Tazama sakafu.

Kuku wakifa kwa ugonjwa, hatari ni kubwa zaidi. Katika mwaka wa 2017 homa ya ndege ilipatikana katika Ituri, karibu na Ziwa Albert. Kwa sababu hiyo msile kuku aliyekufa mwenyewe, wala msimuuze. Mzikeni katika shimo lenye kina, au mchomeni kwa moto, nanyi mnawe mikono kwa sabuni. Kama kuku wengi wanakufa kwa siku chache, peleka habari upesi kwa mganga wa nyama.

4. KIPIMO NI NINI?

Mungu alipomwamuru Noa kutengeneza safina, hakumwachia kukisia. Alimpa vipimo: urefu mikono 300, upana mikono 50, kwenda juu mikono 30. Alimwambia pia juu ya vyumba, juu ya mlango, na juu ya mahali pa mwangaza upande wa juu. Nyumba ya viumbe vyenye uzima inahitaji kupimwa. Nasi tupime.

Kipimo cha kwanza ni cha sakafu. Katika nyumba ya kulala, kuku 4 wanahitaji meta 1 ya mraba, maana yake mahali penye meta 1 kila upande.

Tupime kibanda cha jamaa ile. Urefu ni cm 120, upana ni cm 60. Ukizidisha, unapata 0.72 ya meta ya mraba, haifiki hata meta moja. Kwa hiyo kinatosha kuku 3 tu. Muuzaji alisema 12. Labda hakutaka kudanganya. Labda alihesabu kuku waliosimama, hakuhesabu kuku wanaoishi.

Kuku 12 wanahitaji meta 3 za mraba. Nyumba yenye urefu wa meta 2 na upana wa meta 1 na nusu inatosha.

Kipimo cha pili ni cha mti wa kulalia. Kila kuku anahitaji cm 20 juu ya mti. Kuku 12 mara cm 20 ni cm 240. Kwa hiyo miti 2 yenye urefu wa meta 2 itatosha, na nafasi kidogo itabaki.

Kipimo cha tatu ni cha viota. Mitetea 4 wanaweza kutumia kiota 1. Mitetea 11 wanahitaji viota 3.

Kama huna meta ya fundi, chukua kamba, upimiwe cm 100 kwa mwalimu au kwa fundi wa nguo, funga fundo, na kamba hiyo itakuwa kipimo chako.

5. USITUPE KIBANDA CHA ZAMANI

Watu wengine wakisikia maneno haya watasema: «Basi, kibanda changu ni bure, nimepoteza feza.» Sivyo. Kibanda kile hakifai kuwa nyumba, lakini kinafaa sana kuwa viota. Tutajenga chumba kipya, na sanduku la zamani tutaliunganisha na chumba.

Kwanza, keti chini uhesabu, kama Bwana Yesu alivyofundisha katika mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Unahitaji miti 6 ya nguzo, fito au mianzi, udongo, majani au manjanja ya kuezekea, misumari, na kipande cha wavu wa waya kama unaweza kukipata. Vitu vingi viko porini na shambani. Kama huwezi kupata vyote mwezi huu, kata miti mwezi huu, jenga mwezi ujao. Afadhali kukawia kuliko kuacha kazi katikati.

Mahali. Chagua mahali palipoinuka, maji ya mvua yasipopita. Paache hatua 10 au zaidi mbali na nyumba ya watu, na mbali zaidi na chemchemi au kisima, tena upande wa chini wa maji, si upande wa juu. Fyeka majani kuzunguka mpaka hatua 2, nyoka na panya wasipate mafichoni.

Nguzo. Kata miti yenye urefu wa cm 250. Choma ncha za chini kwa moto mpaka ziwe nyeusi, mchwa wasizile upesi. Zika cm 50. Nguzo 4 ni za pembe, na 2 ni za mlango. Hivi kuta zitakuwa kama meta 2, na mtu ataweza kuingia na kusimama. Hili ni jambo kubwa. Nyumba ambayo mtu hawezi kuingia na ufagio haitafagiliwa.

Sakafu. Inua sakafu kwa udongo na mawe cm 15 au 20 kupita uwanja, uishindilie. Juu yake tandaza takataka za mbao kutoka kwa fundi, maganda ya mpunga, au majani makavu yaliyokatwa-katwa, unene wa vidole 4.

Kuta. Jenga kwa fito na udongo mpaka cm 120. Juu ya pale, pande mbili zilizo ndefu, usitie udongo. Tia wavu wa waya au mianzi iliyosimama karibu-karibu, nafasi isizidi upana wa kidole kimoja. Upepo utapita juu ya vichwa vya kuku, harufu itatoka, nao hawatapigwa na baridi. Ndugu wa milima ya Kivu watasema: «Kwetu usiku ni baridi, tuzibe yote.» Msizibe yote. Kuku amevaa manyoya. Baridi kavu anaivumilia. Unyevu na hewa chafu ndivyo vinavyomwua. Upande ambao mvua inapiga, tundika mkeka unaoweza kuinuliwa mchana.

Sanduku la zamani. Kwanza toa sanduku inje, likwangue, mwaga maji yanayochemka katika kila ufa, uliache kwa jua siku 2. Halafu ligawanye kwa mbao 2 ndani, upate sehemu 3 zenye cm 40 kila moja. Hivyo umepata viota 3. Wakati wa kujenga ukuta, acha tundu lenye upana wa sanduku, cm 50 kutoka chini. Simamisha sanduku inje ya ukuta juu ya miguu yake, upande wa mlango ukitazama ndani ya chumba. Toa mlango wa zamani, acha ubao mfupi chini tu ili mayai yasianguke. Ziba nafasi zote kwa udongo. Upande wa nyuma, ulio inje, fanya kifuniko cha kufungua kwa vipande vya mpira wa gurudumu la zamani badala ya bawaba. Sasa mama ataokota mayai kutoka inje, bila kuingia na bila kuwatisha kuku.

Miti ya kulalia. Chagua miti laini, unene kama kifundo cha mkono wa mtoto. Iweke kwa urefu wa cm 80 kutoka sakafu. Mti wa kwanza uwe cm 30 kutoka ukutani, na wa pili cm 40 kutoka wa kwanza. Yote 2 iwe sawa kwenda juu. Kama mmoja ukipita mwingine, kuku watapigana kila jioni kwa ajili ya mahali pa juu. Na lazima miti iwe juu kuliko viota, kwa maana kuku anatafuta mahali pa juu pa kulala. Viota vikiwa juu, atalala ndani yake na kuvichafua.

Siafu. Weka miguu ya sanduku ndani ya makopo yenye mafuta ya gari yaliyokwisha kutumika. Kuzunguka nyumba yote mwaga majivu, na kuyaongeza kila mara baada ya mvua. Mlango uelekee nyumba ya watu. Mkisikia kuku wanapiga kelele usiku, msiseme ni ndoto. Amkeni na taa, mfungue mlango upesi, kuku watoke.

6. KUHAMISHA KUKU NA KUTUNZA NYUMBA

Hamisha kuku jioni, giza likianza, maana wakati ule wanatulia. Uwaweke mmoja mmoja juu ya mti. Uwafungie siku 3 ndani ya nyumba mpya pamoja na maji na chakula. Siku ya nne uwafungulie mchana. Jioni wengi watarudi wenyewe. Wale watakaokwenda jikoni kwa desturi ya zamani, uwakamate na kuwarudisha. Msiwe na huruma ya namna hii: «Huyu mmoja tu, alale jikoni.» Baada ya juma moja huyu mmoja atakuwa 5.

Kazi za kila siku: kuwapa maji safi, kuokota mayai, kuhesabu kuku jioni.

Kazi za kila juma: kugeuza takataka za sakafu kwa jembe, kutoa zilizolowana, kubadilisha majani ya viota. Mavi na takataka zitiwe katika shimo la mbolea na kufunikwa. Baada ya miezi michache zitafaa kwa mboga. Msimwage mavi mabichi juu ya lengalenga inayokaribia kuvunwa.

Kazi za kila mwezi: kumwaga maji yanayochemka juu ya miti ya kulalia na katika nyufa za viota. Acheni pia mahali pa majivu na vumbi kavu, kuku waoge, nao watajiondolea chawa na utitiri.

Neno moja juu ya chanjo. Kuna ugonjwa wa kuku unaoitwa Newcastle, kwa jina la mji katika Uingereza ulikoonekana katika mwaka wa 1926. Unaua karibu kuku wote wa kijiji katika juma moja au mawili. Wanaharisha majani-majani, shingo inapindika, mabawa yanalegea. Hakuna dawa ya kuuponya. Nyumba nzuri haitoshi kuuzuia. Lakini chanjo ipo, tone moja katika jicho la kila kuku aliye mzima. Iko namna moja iliyotengenezwa kwa ajili ya kuku wa vijijini, isiyoharibika upesi kwa joto; nayo inarudiwa kila miezi 3 au 4. Uliza mganga wa nyama, na wakazi wa mtaa mpatane siku moja, kuku wote wachanjwe pamoja.

Je, kama huna mahali wala nguvu za kujenga? Basi usipanue nyumba, punguza kuku. Jogoo 1 anatosha kwa mitetea 10. Majogoo wengine uwauze au uwapike. Kuku 3 wenye afya katika kibanda kile kidogo ni bora kuliko 12 wanaokufa ndani yake, tena ni bora sana kuliko 9 wanaolala na watoto.

7. MAYAI NI YA NANI?

Sasa tumefika kwenye moyo wa somo. Jamaa ile imejenga nyumba, kuku wanataga vizuri. Mtetea wa kienyeji anataga mayai 10 mpaka 15, halafu anataka kuatamia, na baada ya siku 21 vifaranga wanatoka. Je, mayai yanakwenda wapi? Mahali pengi yote yanakwenda sokoni. Na desturi za zamani za makabila mengine zilikataza wanawake kula kuku, na watoto kula mayai.

Katika Bushi watu wanajua jina la bwaki. Waganga wanauita ugonjwa huu kwashiorkor. Daktari Cicely Williams aliandika juu yake katika mwaka wa 1933, alipokuwa akihudumia watoto katika Gold Coast, nchi inayoitwa leo Ghana. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyekundu na kung'oka bure, ngozi inabanduka, naye hachezi wala hacheki. Watu wakimwona wanasema amenenepa. Hakunenepa, ni maji. Mtoto huyu asingoje mayai ya nyumbani. Aletwe hospitalini siku ile ile.

Lakini mtoto ambaye hajafika pale, tunaweza kumlinda. Yai moja lina gramu 6 hivi za chakula cha kujenga mwili, na linapatikana uani pako. Mtoto akifika miezi 6, pamoja na kunyonya, anaweza kupewa yai lililopikwa mpaka kiini na ute vimekuwa vigumu, likipondwa katika uji. Mama mwenye mimba naye ale. Mwanzo mpe mtoto kidogo, umtazame; kama hakuna uvimbe wala vipele, umwongezee.

Basi, baba na mama wapatane. Katika kila mayai 12, wanaweza kuweka 4 ya kuatamiwa, 4 ya kuuzwa, na 4 ya watoto. Kama siku moja kuna yai 1 tu, liwe la mtoto. Baba, wewe ni kichwa cha nyumba. Ukila yai mbele ya mtoto anayevimba miguu, ukubwa wako umekusaidia nini?

Na mtoto asipewe yai kwa mkono mchafu. Nawa kwa maji na sabuni baada ya kushika kuku, mayai, au mavi yao, na kabla ya kupika.

8. NENO LA MWISHO

Nyumba safi ya kuku haitaokoa roho ya mtu. Ni damu ya Yesu peke yake inayotuosha zambi. Lakini mtu aliyeokolewa anaonekana hata uani pake. Kitabu cha Mezali kinafundisha kwamba mtu wa haki anawajali hata nyama anaowafuga. Kama Mungu anataka tuwaangalie nyama, si zaidi sana watoto aliotupa?

Bwana Yesu mwenyewe alitumia mfano wa kuku anayekusanya watoto wake chini ya mabawa (Matayo 23:37). Mabawa ya kuku yana kipimo. Vifaranga wakizidi, wengine wanabaki katika baridi. Mabawa ya Bwana hayana kipimo. Na nyumba ya Baba yake ina nafasi (Yoane 14:2). Hakuna atakayefika pale akisukumwa inje kwa sababu mahali pamejaa. Wewe uliye katika kitanda cha hospitali leo, na wewe unayesoma nyumbani, je, umekwisha kuingia?

MAULIZO

1. Sababu gani kibanda kidogo cha kuku kinaweza kuleta ugonjwa kwa mtoto?
2. Una kuku wangapi nyumbani? Wanahitaji meta ngapi za mraba? Nyumba yao ya sasa ina ngapi?
3. Kibanda cha zamani kinaweza kufanywa nini?
4. Sababu gani miti ya kulalia iwe juu kuliko viota?
5. Utafanya nini na kuku aliyekufa kwa ugonjwa?
6. Taja alama 3 za bwaki. Utampeleka wapi mtoto mwenye alama hizo?
7. Katika mayai 12 ya nyumba yako, watoto wanapata mangapi?

KAZI YA JUMA HILI

Leo usiku, baada ya maombi, chukua taa upite katika nyumba yako yote: jikoni, chini ya vitanda, nyuma ya mlango. Hesabu kuku wanaolala na watu. Andika hesabu hiyo. Kesho chukua kamba yako, upime. Wakati wa somo linalofuata tutaulizana, kila mmoja, amefanya nini.